Kola Yenye Uzi wa Kijani

Nikipita Marshalltown, hapa Johannesburg, nikanusa pasi ya moto juu ya kitambaa kibichi, huongeza mwendo hadi leo. Na mimi, waulizeni walimu wangu, si mtu wa kuogopa ovyo.

Tonton Safari, mdogo wake mama, alikuwa na kibanda cha cherehani huko. Mfupi, mpole, anayeomba radhi hata akikanyagwa yeye. Lakini kwetu Kongo, mji wetu ulipotekwa, yeye ndiye aliyewaongoza vijana waliowapinga watekaji. Amri zake alizishonea ndani ya kola za makoti, kwa uzi wa kijani. Waliozipokea hawakuwahi kuiona sura yake. Nyumbani tulikatazwa kuligusia hilo nje ya mlango. Eish, kumkataza mtoto wa miaka minane ni kumpa kichekesho.

Mchana mmoja wakaingia wanaume wawili, Kiswahili chao cha kwetu kabisa, na koti kuukuu la kupunguza mikono. Nikataka kuwachekesha. Nikapiga saluti: "Komanda, wateja hawa!"

Cherehani ikanyamaza.

"Komanda wa nini, mutoto?" akauliza yule mrefu, bila kucheka.

"Wa kuogesha watoto wabishi," akajibu Tonton, akacheka peke yake. Kidole chake kilikuwa kimeganda juu ya kola ya lile koti, penye mshono wa uzi wa kijani. Chaki ikamdondoka. "Mukuje Jumamosi."

Jioni ile Tonton hakurudi nyumbani. Jumamosi mama alikuwa kibandani akifungasha cherehani, wale wawili walipotokea. Nilijibanza nyuma ya sketi yake, nikijua nimemuua mjomba wangu kwa mzaha mmoja.

Koti lilikuwa limening'inizwa, mikono imeshapunguzwa. Yule mrefu akaishika kola.

"Mama, tulisikia kuko fundi wa kwetu hapa. Nikaleta hii koti aone mushono wake. Amri ya ndani ya hii kola iliniokoa. Nilikuja kumushukuru tu."

Mama akampigia simu Tonton palepale. Akamweleza maneno ya yule mtu. Kisha nikaisikia sauti yake: "Mwenye kola ile alikufa, dada. Mimi mwenyewe nilimulilia. Waambie haunijue."

Hakurudi. Kila akipiga simu, ni namba mpya.

Miaka mingi nilidhani saluti yangu ndiyo iliyomfukuza. Sasa ndipo naelewa: kuamini kwamba maadui wamemfuata mpaka Johannesburg, hilo Tonton aliliweza. Kuamini kwamba kijana wake mmoja alipona, ndilo lililomshinda.