Kilele cha Gorogoro

Asubuhi moja, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilifunga chumba tulichokuwa tumepanga na mama yangu pale mtaa wa Skuta, nikampa jirani ufunguo, nikaanza kutembea. Mama tulikuwa tumemzika kwao Gakindu wiki tatu kabla. Sikuwa nimelia, wala sikuona kilio kikija. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, koti moja, na sikujua niendako. Lori la viazi lilinibeba hadi Murang'a. Kutoka hapo nilifuata barabara inayopanda kwa sababu tu ilikuwa inapanda, mara kwa miguu, mara nyuma ya pikapu. Saa kumi mvua ikanikuta Kangari.

Nilijikinga katika hoteli ndogo ya chai. Mwenyewe, mama wa makamo, alikuwa amepiga magoti mbele ya karai tupu na gunia la unga. Nikamuuliza kama anajua mahali naweza kulala.

"Huko nyuma kuko na chumba," alisema bila kuinua kichwa. "Lakini sasa usiniongeleshe. Niko na shida yangu."

Mzee mmoja aliyekuwa akinywa chai, vidole vyeusi kwa utomvu wa majani ya chai aliyochuma, alinieleza shida hiyo akicheka. Akina mama wa kanisa walikuwa wameagiza mandazi ya mkutano wa kesho. Mwezi uliopita aliwapikia yakatoka magumu.

"Mimi nilipewa moja," mzee alisema. "Nikaweka kwa mlango, upepo usiufunge."

"Kunywa chai yako, mzee." Kisha mama akanigeukia. "Wamesema yakitoka hivyo tena watanunua mkate, na mimi wanisahau. Na hii ya hapa kila siku ni laini. Onja."

Nikaonja andazi. Lilikuwa laini kweli. Niliacha shule darasa la sita, lakini jambo kama hilo likinishika haliniachi. Nikamuuliza anapimaje. Ya kila siku ni vikombe vinne vya unga, nusu kikombe cha sukari, kikombe kimoja na nusu cha maji. Ya kanisa alipima kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili wanaopimia mahindi sokoni: unga nane, sukari moja, maji tatu. Hamira alitia kwa macho. Nilipiga hesabu kichwani mara mbili. Ilikuwa sawa.

"Hebu pima nione."

Akachota kikombe cha unga, akakifuta juu kwa kiganja. Halafu akachukua gorogoro, akamimina unga mpaka ukasimama kilele na kuanza kumwagika pembeni, kama apimavyo mtu yeyote aliyekaa sokoni. Maji aliyajaza mpaka ukingoni. Maji hayasimami kilele.

Nikamwambia hivyo, na kwamba afute gorogoro kama anavyofuta kikombe. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Nikate gorogoro? Nipunje chakula ya kanisa?"

"Hakuna mtu atakuona, mama."

"Mimi nitajiona."

Basi vilele tukaviacha. Nilichukua gorogoro nyingine tupu nikakwangulia ndani yake vilele vya gorogoro nne. Ukajaa sawasawa. Kwa hiyo kila kilele kilikuwa robo, na nane zake zilikuwa kumi. Sukari nayo ilikuwa na kilele chake, haikuwa na tatizo. Maji peke yake ndiyo yalibaki nyuma.

"Weka tatu," nikasema, "halafu robo tatu ya gorogoro juu yake."

"Ati tatu na robo tatu. Wewe ni mwalimu?"

"Sina kazi, mama."

"Na ukiniharibia unga yote?"

"Nitaondoka."

Mvua ilikuwa ikipiga mabati hata tukasemezana kwa sauti ya juu. Hapakuwa na mahali pengine nilipopajua. Nililifikiria hilo kama ambavyo ningefikiria habari za mtu mwingine. Mama akamimina maji, robo baada ya robo, akakanda, akafunika karai kwa gunia safi.

Unga ulipoumuka alikaanga moja peke yake, akalikata vipande viwili, kimoja akampa mzee. Mzee alitafuna, akameza. Kisha akanyoosha mkono aongezwe, na mama akaukunja uso wake ili asionekane anacheka.

Kipande changu nilikila nimesimama. Sikusikia utamu wowote; nilisikia tu kwamba meno yamepita bila kazi.

Chumba cha nyuma kilikuwa na kitanda cha mbao, godoro jembamba, na magunia ya makaa ukutani. Akanitupia blanketi.

"Uamke saa kumi na moja tukaange," alisema. "Sitaki mtu wa kulala."

Hakuniuliza nimetoka wapi. Nilitundika koti likichuruzika maji, nikavua viatu, nikalala giza likiwa bado halijaingia.