Mwanamke Niliyempa Mtoto Zizini

Wanaonijua wanajua mimi si mtu wa kutunga mambo. Na kama ningekuwa natunga, si ningejitungia kisa cha kunipa sifa? Hiki hakinipi. Aliyempa yule mwanamke mtoto ni mimi, kwa mikono yangu hii miwili, na akili zangu zilikuwa timamu.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Nilikuwa nashona nguo katika kiwanda kimoja pale Athi River. Mimi kwetu ni Voi, mume wangu Wafula ni wa Bungoma, kwa hivyo nyumbani tunaongea Kiswahili tu. Mtoto wetu wa kwanza, Zawadi, alikuwa hajamaliza miezi miwili. Likizo yangu ya uzazi ilikuwa inaisha, na Wafula akasema kabla sijarudi kazini twende mahali tupumzike kama watu wengine. Alikuwa amesikia kuna shamba la ng'ombe wa maziwa milimani, juu ya mji wa Machakos, ambako wageni hutembezwa na kutazama nchi yote ya chini hadi Konza.

Tulienda Julai. Unaijua Julai ya kule juu? Konza hatukuiona, wala hata ua wa shamba hatukuuona vizuri. Ukungu ulikuwa umelala juu ya kila kitu. Mzee Kioko, msimamizi aliyetupokea, alituomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyeuleta. Alasiri, kabla ya kukamua, alimchukua Wafula akamwonyeshe mtambo wa kupozea maziwa. Mimi nikabaki zizini, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu kulikuwa na joto la ng'ombe na nilikuwa nimetoka tu kumnyonyesha mtoto.

Sikumwona akiingia. Niliona ng'ombe wa upande ule wakisogea wote pamoja, wakijibana ukutani hadi kamba zikakazana. Nilipoinua macho, alikuwa amesimama pale. Mwanamke wa umri wangu, koti la kazi la bluu, gambuti, kitambaa kichwani. Alinisalimia kwa sauti ya chini, akasema naonekana nimechoka, nimpe mtoto amshike kidogo ninyooshe mgongo. Kifua cha koti lake kilikuwa kimelowa. Nikadhani ni maziwa ya ng'ombe, maana ni mkamuaji. Wewe ungekataa? Niamini, sikuona ubaya wowote. Nikampa.

Alimtazama kwa muda mrefu.

"Ananyonya vizuri?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, sana.

"Wangu hajawahi kunyonya," akasema, akaanza kutembea kuelekea mlango wa nyuma, ule ulioingiza ukungu.

Nilitaka kumfuata, miguu ikakataa. Nilitaka kumwita Wafula, sauti haikutoka. Na yeye hakukimbia. Alikuwa anamfunika Zawadi kwa koti lake, polepole, kama mtu anayerudi kwake.

Hapo ndipo Mzee Kioko alipoingia. Hakupiga kelele. Alivua kofia yake, akaongea kama mtu anayeongea na mwanawe.

"Ndanu, huyo ana mama yake. Mrudishe."

Yule mwanamke akasimama bila kugeuka. Kisha akainama juu ya kihori cha kulishia, na sikumwona akiinuka. Zawadi alikuwa kwenye nyasi za ng'ombe, macho wazi, halii, na mwili baridi kama kitu kilichotolewa kisimani.

Tulimsugua karibu na jiko hadi rangi ikamrudia. Mzee Kioko alikaa nasi, na Wafula ndiye aliyemlazimisha aseme. Akasema Ndanu alikuwa mkamuaji pale, miaka michache nyuma. Uchungu ulimshika asubuhi akiwa kazini. Shamba lilikuwa na pikapu moja, na tajiri wa wakati ule akaamuru ipeleke maziwa mjini kwanza yasije yakaharibika, ikirudi ndipo impeleke hospitali. Iliporudi, walikuwa wameshamfunika, mtoto angali tumboni.

"Dereva nilikuwa mimi," Mzee Kioko akasema, akatoka nje.

Maziwa yangu yalikatika siku ileile. Daktari alisema ni mshtuko, yatarudi. Hayakurudi, na hata wanangu wawili wa baadaye hawakuonja titi langu. Zawadi aliishi, ni msichana mkubwa sasa, lakini tangu siku ile sijawahi kumsikia akilia kwa sauti. Na neno lake la kwanza halikuwa mama. Lilikuwa mwaitu, ambalo ni mama kwa Kikamba, na alipolisema hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akitazama mlango. Wafula anasema alilisikia kwa majirani. Labda. Lakini usiku wa siku Zawadi alipolisema, ni Wafula huyohuyo aliyekataa tuzime taa.

Simchukii Ndanu. Nimejaribu, nimeshindwa. Ila ukienda kutembea huko milimani na mtoto mchanga, kwanza watazame ng'ombe. Wakisogea, sogea nao. Na mtoto wako mshike mwenyewe. Ukichoka, keti chini naye.