Mbao Nilizozichoma

Mwanangu, sasa umepata nafasi ya kusomea digrii ya pili ya misitu, kaa hapa kidogo. Kuna siku moja nataka uijue.

Nilikuwa msichana wa umri wako. Utafiti wangu ulikuwa wa kutengeneza gundi kwa magome ya miti ya miwati niliyoletewa na akina mama wa Molo, kisha kuunganisha mbao nayo. Nyingi zilishika vizuri. Lakini zile za gundi ya magome ya msimu wa mvua, nikizilowesha, zilibanduka. Nami nilikuwa na haraka. Mama alikuwa ameshanishonea nguo ya mahafali. Nikazichoma jikoni, na kwenye ripoti nikaandika kwamba mbao zote zilishika.

Fundi Njoroge wa Kaptembwo ndiye aliyekuwa akinirandia mbao, bure kabisa, na kuniita daktari kabla ya wakati.

"Daktari, hizi zilizobaki niachie," akaniambia. "Binti yangu amejifungua. Nataka kumtengenezea mjukuu kitanda."

"Chukua tu, mzee."

Nilifika langoni, nikakumbuka kwamba kati ya hizo zimo za gundi ile ile ya msimu wa mvua, ambazo sikuwa nimezilowesha. Nikarudi, nikamweleza yote. Akaweka randa chini.

"Na huyo mtoto angelala hapo?"

Nikalia. Akanivutia kigoda. "Afadhali umesema mapema. Sasa enda umwambie mwalimu wako vile umeniambia mimi."

Mwalimu wangu hakufoka. Aliuliza tu mbao zilizobanduka ziko wapi, nikasema nimezichoma. "Basi tutatengeneza zingine," akasema, "na hizo, hata zikibanduka, utaniletea mezani."

Wenzangu walihitimu bila mimi. Mama aliikunja ile nguo akaiweka sandukuni, na hilo liliniuma kuliko kukaripiwa. Mwaka mzima nilibandua magome na akina mama kwenye baridi ya Molo, na huko ndiko nilikojua kwamba gome likirundikwa bichi huoza, gundi yake ikakosa nguvu. Tukajenga vichanja vya kuanikia. Hayo ndiyo yaliyonipa digrii.

Kwa hivyo, mwanangu, usifiche kipimo kilichokukatalia. Kiandike hata kikikuchelewesha, maana wako watu watakaokuamini bila kukuuliza. Na ukikosea, kwa kuwa utakosea, usijichukie. Rudi useme.

Mungu akutangulie huko msituni, akupe walimu wenye subira, na akurudishe kwetu ukiwa mzima.