Mama wa Puliza

Yule mama wa chumba cha kupimia mapafu ana mikono midogo, lakini akikubana pua kwa kibanio chake utadhani kakukamata ukiiba. Anakupa mrija, anasimama mbele yako na kupiga kelele kama anafukuza ng'ombe shambani: "Puliza, mzee! Bado! Bado!" Mimi, niliyezoea kuzima koroboi nikiwa mlangoni, nilitoka jasho. Tena ni mara tatu, maana kwake mara moja si kitu.

Msimamizi wetu wa kinu cha unga alinifuata hadi mle ndani, ahakikishe siondolewi kwenye vumbi la kinu. "Huyu anajifanya," akasema. "Hapulizi kwa nguvu. Andika ni mzima." Mama, kama anavyomfanyia kila mtu, akazipanga karatasi zangu tatu, kila moja na mstari wa pumzi uliochorwa na mashine, moja juu ya nyingine na kuziinua kwenye mwanga wa dirisha. Mistari mitatu ikalaliana ukadhani ni mmoja. "Anayejifanya hawezi kulenga palepale mara tatu, baba. Hebu keti, ujifanye wewe." Msimamizi akaketi huku akicheka, akapuliza kivivu mara tatu. Mistari yake ikatawanyika kama njia za mbuzi. Mama akafuta kibanio taratibu, akaandika kwamba njia zangu za hewa zimebana na niondolewe kinuni, akagonga muhuri mpaka meza ikaruka.

"Mkurugenzi wetu hatakubali," msimamizi akanong'ona.

"Mlete," mama akasema, akichukua mrija mpya. "Naye atapuliza."