Litania za Eneida na Spika za Jirani

Jumatano kabla ya karnavali, saa mbili asubuhi, ukuta wa Eneida Charris ulianza kutetemeka na kikombe cha kahawa kikajitembeza mezani. Eneida akaibamiza kalamu.

"Mshenzi ameamka!"

Mshenzi ni Aristarco, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwenye picó: lundo la spika refu kuliko kabati la nguo, limechorwa chui anayetema moto. Kila asubuhi alizijaribu, utadhani usiku zilikuwa za mtu mwingine.

Eneida alikaanga na kuuza arepa, vitumbua vya mahindi vyenye yai ndani, ili apate riziki, lakini mji wa Barranquilla ulimjua kwa litania: beti za kejeli ambazo watu watano waliovaa kanzu nyeusi huzisema mtaani kwa sauti ya padri, umati ukiitikia. Miaka ishirini na miwili kundi lake lilisema maneno yake. Mwaka jana watu hawakucheka. Sasa Tulio, kiongozi wa kundi, alishamwambia usoni: beti ziwe tayari Ijumaa na zichekeshe, la sivyo wanachukua za mwalimu mmoja wa mji jirani wa Soledad.

Alijaza pamba masikioni. Ngoma ikampandia miguuni. Akaenda kanisani. Kule kulikuwa na kimya cha kuuza kwa kilo, lakini kila alichoandika kilitoka kama sala ya maiti, mwisho akasinzia. Akarudi amefura, akaandika mlemle kwenye kelele, beti thelathini, mkono unakimbia wenyewe.

Jioni Tulio akajaribu kuzisema kwa sauti ya padri. Akakwama ubeti wa kwanza, akakwama wa pili. Wa tatu, kiuno kikaanza kumcheza.

"Mama, padri gani atasema hivi bila kutikisa makalio?"

"Soma vizuri, wewe!"

"Nasoma ulivyoandika. Hii ni ngoma ya Aristarco, umeivalisha maneno tu."

Eneida alitamani kumpiga na kikaango, hasa kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Alhamisi alfajiri akagonga mlango wa jirani, karatasi mkononi.

"Nimekuandikia beti nane, Aristarco. Masikio yako, tumbo lako, mke aliyekukimbia. Usiwashe hayo makabati yako leo na kesho, nizichane."

Aristarco akacheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Uzichane? Zisome, jirani! Kundi lako lizisome mbele ya mji mzima! Hata mke wangu, kwa matusi yake yote, hilo la tumbo hakuliwaza kabisa."

Eneida akaikunja karatasi. Alikuwa amekuja sokoni na bidhaa ambayo mnunuzi anaipata bure, tena anaifurahia. Hasira zikampanda, lakini akili ikazitangulia.

"Sawa. Basi sikutaji."

"Vipi?"

"Mtaa mzima utatajwa. Mwuza samaki, kinyozi, mpaka yule mbwa kilema wa bekari. Wewe hapana. Jumamosi, karnavali ikianza, watakuuliza, 'Aristarco, wewe hukai mtaa huu?'"

Kicheko kikakatika. "Jirani, huo sasa ni ukatili."

"Ukatili ni huo unaonifanyia ukutani."

"Asubuhi tu nisiwashe. Beti nne."

"Mpaka saa tisa alasiri. Ubeti mmoja."

"Miwili, na chui atajwe."

"Mmoja. Chui nitamfikiria."

Akakubali akinung'unika.

Siku hiyo ukuta ulitulia mpaka saa tisa. Zilibaki sauti za mafuta yanayochemka na za kasuku wa kinyozi, na Eneida akaziandika zote mbili. Hasira hazikumtoka, sasa zilikuwa na nafasi ya kukaa, zikashuka polepole, mstari kwa mstari, kwa mwendo wa padri. Aliandika huku akitukana.

Ijumaa Tulio akasoma. Ubeti wa kwanza akacheka. Alipofika kwa mtu aliyenunua spika kubwa ili asisikie nyumba yake ilivyo tupu, akarudia mstari, kisha akacheka hadi akapaliwa.

"Mwambie mwalimu wako wa Soledad abaki Soledad," Eneida akasema, akimnyang'anya karatasi. "Na chui hayumo."