Kuku Hawana Viatu

Mvua ya Kabambare ilikuwa ikipiga mabati polepole, nasi dukani tulikuwa nusu usingizini. Mama mmoja akaomba dawa ya kukausha banda la kuku. Muuzaji akammiminia unga mweupe wa chokaa kiganjani.

"Hii iko na nguvu sana, mama."

Mama akautegea matone ya paa kuujaribu, akafumba macho, akangoja. Mara akakung'uta mkono.

"Inaunguza! Kuku zangu haziko na viatu, baba. Kwenye mashini ya mpunga makapi makavu iko bure."

Akatoka. Tuliobaki tukajikuta tunatazama miguu yetu.

Nyumbani nilikuta maji yameingia hadi chini ya kitanda. Nikawaza kuku wale, wamejikunja juu ya makapi, miguu mikavu. Nikawaonea wivu.