Feni Moja au Mbili

Baba alipovunjika mkono shimoni, watu wa Nyamongo walikuja kutupa pole, na kila aliyekuja alimuuliza atarudi lini duarani, kwenye shimo lake la dhahabu. Hakuna aliyeuliza kama atarudi. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na miwili mwenye ulimi usiokaa kinywani. Wageni wawili watatu niliwajibu vibaya, mpaka baba akanituma nikachemshe chai.

Alikuwa mchimbaji mdogo tangu nilipokuwa darasa la tatu. Alituacha Nyambureti, mimi na mama na shamba la mahindi, akafuata dhahabu upande wa Tarime kama wanaume wengi wa kijiji chetu. Nilipomaliza shule nami nikamfuata. Nilipanga vyumba viwili kwenye senta ya wachimbaji, cha mbele nikaweka kompyuta mbili kuukuu, nikawa nachapa barua za watu na kuwaingizia nyimbo kwenye simu. Siku ukuta wa duara ulipomporomokea, wenzake walimfukua kwa mikono. Alitoka hai, mkono wa kulia umevunjika sehemu mbili.

Baada ya kufungwa plasta alianza kushinda chumbani kwangu, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Alikaa kwenye kompyuta ya kona, akashika vishale vya kibodi kwa mkono wa kushoto na kuendesha malori ya kwenye gemu. Hapo ndipo aliponiambia kwamba kabla ya dhahabu alitaka kuwa dereva wa lori. Baba yangu mwenyewe, na sikuwahi kulijua hilo.

Shida ni kwamba gemu iligandaganda. Lori likiingia kona picha inasimama, ikirudi lori limo mtaroni. Wenzake wawili wa duarani, waliokuja kumwona karibu kila siku, walijaribu gemu ya mpira. Mchezaji alipiga shuti, akaganda mguu juu, na mpira ukaonekana tena ukiwa kwa kipa. Walitukana, wakaondoka, na mlangoni mmoja akamwambia baba kwamba karai lake bado lipo.

Neno hilo lilinichoma. Siku ileile nikamwambia baba mpango wangu. Nikinunua kadi ya grafiki, kile kipande kinachoichorea kompyuta picha, gemu zitakimbia vizuri, na wachimbaji wanaosubiri zamu watakuja kukaa kwangu. Wakija wengi, nitahitaji mtu mzima wa kuwasimamia.

"Mtu mzima," baba alirudia, akanitazama. Alijua vizuri ninakoelekea. "Basi tufanye hivi. Plasta itatoka mwezi ujao. Siku hiyo nikiona hizi viti zimejaa, nabaki na wewe. Nikiona ziko tupu, narudi duarani, na huo mdomo wako usinizuie."

Tukapeana mikono, ya kushoto.

Akiba yangu ilikuwa ya kadi moja tu, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kukosea. Tulikwenda Tarime mjini kwa mfanyabiashara mmoja Muislamu wa vifaa vya kompyuta, mtu wa makamo, ambaye babu yake alitoka pwani zamani na cherehani yake. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia, akampa baba pole ya mkono, kisha akaweka kadi mbili juu ya kaunta.

Zilikuwa na jina moja na namba moja. Mimi nilidhani kadi ni kadi, kumbe hata zenye jina moja hutolewa kwa namna tofauti. Ya kwanza ilikuwa fupi, ina feni moja, na umeme wake ilijichotea papo hapo inapochomekwa. Ya pili ilikuwa ndefu, ina feni mbili, kiwanda kimeiongezea mbio, na ilidai waya wake wa umeme wa peke yake. Mwenye duka akaichomeka ile ndefu kwenye kompyuta yake na kufungua gemu ya malori. Niliona majani yakipeperuka kando ya barabara na kivuli cha lori kikilifuata kwenye lami yote. Niliipenda palepale.

"Hii," nilisema.

"Subiri," alisema baba, akamgeukia mwenye duka. "Hiyo jiwe umetuchagulia wewe."

Mwenye duka hakuelewa. Baba akaegemea kaunta kumweleza, nami nikitamani ardhi inimeze. Alisema mtu akitaka kukuuzia mzigo wa mawe, hukupa mkononi lile zuri. Ukilitwanga na kuliosha kwenye karai, dhahabu unaiona kwa macho. Ukinunua mzigo wote, unaambulia mchanga. Ndiyo maana mchimbaji huchukua sampuli kwa mkono wake mwenyewe, juu ya mwamba, katikati na chini. "Hapa kwako kuna feni ya dari," alimaliza. "Umeme imetulia, vumbi hakuna. Mimi nataka kupimia kwangu."

"Yaani nikupe zote mbili, mzee wangu, uondoke nazo?" Mwenye duka alicheka. "Na mimi unaniachia nini?"

Baba akaingiza mkono kwenye koti, akatoa tochi yake ya kichwani, ile ya kufunga kwa mkanda. Alitembea nayo kila mahali, hata hospitali. "Bila hii siingii shimoni," alisema. "Kwa hiyo lazima nirudi kuichukua."

Mwenye duka aliiwasha, akaizima, akamtazama baba usoni. Kisha akaitia kwenye droo. "Siku tatu," alisema.

Nilinuna njia nzima. Aibu ilikuwepo, lakini kilichoniuma zaidi ni ile tochi. Kama alikuwa na uhakika hivyo wa kuirudia, basi moyoni alishafika duarani, na mimi nilikuwa nahangaika bure.

Kesho yake asubuhi niliifunga ile ndefu, kazi niliyojifunza kwa kutazama video kwenye simu. Baba akawaita wale wenzake wawili waje wacheze, na akasema tutapima asubuhi, mchana na jioni. Asubuhi mambo yalikuwa safi mno, nikaanza kutembea chumbani kifua mbele. Mchana bati likapata moto, na jirani akawasha karasha, ile mashine ya kusagia mawe. Taa ikafifia. Kompyuta ikazima pu. Tukaiwasha, ikazima tena, mara hii katikati ya penalti, na aliyekuwa anaongoza alisimama akitaka kupigana na skrini.

"Tatizo ni umeme, siyo kadi," nilisema.

"Sawa," alisema baba. "Huo umeme mwingine utaletwa lini?"

Siku ya pili niliifunga ile fupi shingo upande. Ilibidi nipunguze majani na kuzima vivuli ndipo gemu iende sawasawa. Saa sita karasha likaanza kunguruma, taa ikafifia kama jana, mimi nikakodoa macho. Wachezaji wakaendelea kukimbia. Bati likawaka, kale kafeni kakavuma kwa juhudi zote, na wachezaji bado wanakimbia. Jioni baba aliendesha lori kutoka mji mmoja hadi mwingine bila kuganda hata mara moja, na wale wenzake walikuwa bado wanazozana nyuma yake kuhusu zamu ya kushika pedi ya gemu.

"Lakini lori halina kivuli," nilisema. Sikuwa tayari kushindwa hivihivi.

"Lori lifike, mama. Kivuli italisaidia nini?"

Nilikuwa nimekosea, na nilijua. Kama uchaguzi ungekuwa wangu peke yangu, akiba yote ingeishia kwenye majani yanayopeperuka.

Tuliporudisha kadi ndefu na kulipia ile fupi, mwenye duka alitoa tochi kwenye droo. Nilikuwa nimeomba kimoyomoyo baba aseme baki nayo. Aliipokea, akaijaribu, akaitia kwenye koti.

Wiki zilizofuata viti vilijaa. Vilipojaa watu walikalia ndoo, na ndoo zilipokwisha walisimama. Baba alipanga foleni kwa mkono wa kushoto, akawafukuza walevi, akaamua ugomvi wa mabao. Hakusema neno lolote kuhusu makubaliano yetu. Ila kila baada ya siku chache alizitoa betri za tochi na kuzianika juani dirishani ili zipate nguvu. Nilikuwa nazipita hizo betri nikizitazama kwa chuki.

Plasta ilitolewa siku ya Alhamisi. Ijumaa alfajiri nikasikia kishindo chumba cha mbele, nikaenda, nikamkuta amevaa suruali yake ya kazi na tochi imefungwa kichwani, inawaka. Damu ikanipanda. Nikasimama kwenye mlango wa nje, mikono nimeitanua kotekote.

"Tata, viti vimejaa! Umeviona mwenyewe vimejaa!" nilimfokea baba.

Alinigeukia, mwanga ukanipiga machoni. "Fungua huo mlango vizuri," alisema. "Vumbi ipate pa kutokea."

Kisha akapiga magoti. Kompyuta ya kona ilikuwa sakafuni, ubavu mmoja umefunguliwa, na kando yake pampu ya baiskeli ya kupulizia vumbi. Aliingiza kichwa karibu, akamulika kadi yetu fupi, akaanza kuivuta feni kidogokidogo kwa kidole kuona uchafu ulikojificha.

Nje wale wenzake wawili walikuwa wanapita na makarai yao. "Mura, plasta si imetoka? Twende!" mmoja alimwita baba.

"Nendeni tu," baba alijibu bila kuinua kichwa. "Mimi nimeshaingia kazini."

Nilishusha mikono kwa furaha, nikaufungua mlango hadi mwisho. Alinyoosha mkono wa kulia, ule uliotoka kwenye plasta, mwembamba na mweupe kwa ukavu, akanisukumia pampu.

"Piga wewe," alisema. "Huu bado hauna nguvu."